Kuziba na Kuzibua: Elimu ya Kichwa cha Printa ya Picha

Mashine nyingi huchakaa kwa kazi. Printa ya picha inayotumia wino wa maji, kinyume chake, huharibika zaidi kwa mapumziko. Shule hufungwa mwezi wa Desemba. Ikifunguliwa Januari, printa iliyokuwa ikitoa picha safi za vitambulisho hutoa nyuso za rangi ya kijani, au hutoa anga lenye mistari myeupe iliyopangana kama mbavu. Fundi huitwa, akatazama, akasema kwamba kichwa kimekufa. Kwa kuwa bei ya kichwa kipya katika printa nyingi hukaribia bei ya printa nzima, mashine hupelekwa stoo na huko ndiko huishia.

Mara nyingi kichwa hicho hakijafa. Kimezibwa tu na wino uliokauka, nao wino huo waweza kuyeyushwa kwa maji safi, subira na fikra. Makala haya yanaeleza kichwa cha printa hufanyaje kazi, kwa nini huziba, na jinsi ya kutambua kasoro kabla ya kuigusa. Kanuni zinazohusika ni zilezile zinazofundishwa katika masomo ya fizikia na kemia ya sekondari. Mtu asiyejua ni kitu gani kilichoziba hawezi kuchagua dawa ya kuzibua, na dawa isiyofaa ndiyo huua kichwa ambacho kilikuwa hai.

Ukubwa wa mambo tunayozungumzia

Chini ya kichwa cha printa kuna bamba jembamba lenye safu za matundu. Kila tundu lina kipenyo cha mikrometa 20 hivi, yaani sehemu ya hamsini ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 50 hadi 100. Kwa hiyo hauwezi kupenya katika tundu hilo. Sindano ya kushonea nguo ina unene wa nusu milimita au zaidi, yaani mara 25 ya tundu. Yeyote anayefikiri kuzibua kichwa kwa sindano na azingatie hesabu hiyo kwanza.

Tone linalorushwa na printa ya picha hupimwa kwa pikolita. Pikolita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mililita. Tone la pikolita 4 lina kipenyo cha mikrometa 20 hivi, na mililita moja ya wino hutoa matone milioni 250 ya namna hiyo. Kila tundu huweza kurusha maelfu ya matone kwa sekunde. Printa za picha huwa na rangi nne, sita, au zaidi. Katika zile za rangi sita, pamoja na samawati, majenta, njano na nyeusi, huongezwa samawati hafifu na majenta hafifu ili ngozi ya uso na mawingu yatoke bila chembechembe. Tundu moja likinyamaza katika maandishi huenda lisionekane. Katika picha ya uso litaacha mstari.

Swali la kwanza la mwanafunzi makini litakuwa hili: kama matundu yako wazi na yanatazama chini, mbona wino haudondoki wenyewe? Jibu ni mkazo wa uso wa kimiminiko. Katika mdomo wa kila tundu wino hufanya utando uliopinda, na kanieneo ambayo utando huo waweza kuistahimili ni mara mbili ya mkazo wa uso ikigawanywa kwa nusu kipenyo cha tundu. Tukichukua mkazo wa nyutoni 0.03 kwa mita na nusu kipenyo cha mikrometa 10, tunapata paskali 6,000, sawa na uzito wa nguzo ya maji yenye kimo cha sentimita 60. Ndiyo maana wino hukaa mlangoni ukingoja amri. Na kwa kuwa hukaa mlangoni, hukutana na hewa.

Njia mbili za kurusha tone

Mwaka 1977, katika kampuni ya Canon huko Japani, mtafiti Ichiro Endo aliona jambo dogo: chuma cha kulehemu chenye moto kiligusa sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka kutoka ncha ya sindano. Joto lilikuwa limetengeneza povu la mvuke, na povu likausukuma wino nje. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, wahandisi wa Hewlett-Packard huko Marekani nao waliifikia njia ya namna hiyo, na mwaka 1984 kampuni hiyo ikatoa printa yake iitwayo ThinkJet. Katika vichwa vya aina hii, nyuma ya kila tundu kuna kipashio kidogo ambacho halijoto yake hupanda kupita nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda wa mikrosekunde chache. Utando mwembamba wa wino huchemka ghafla, povu huvimba, na tone hutoka.

Njia ya pili haitumii joto. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ilithibitika kwamba kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hubadili umbo. Kampuni ya Epson iliitumia tabia hiyo katika vichwa vyake vya piezo, vikiwemo vile vya printa ya Stylus 800 iliyoingia sokoni mwaka 1993. Hapo ukuta wa chumba kidogo cha wino hujikunja kwa umeme, ukalisukuma tone nje kama kidole kinavyobonyeza kopo la mafuta ya cherehani.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa fundi. Vichwa vya joto vingi huungana na katriji yenyewe; katriji ikibadilishwa, kichwa nacho kimebadilishwa. Vichwa vya piezo hufungwa ndani ya mashine, na hutarajiwa kudumu muda wote wa uhai wake. Hivi vya pili ndivyo tunavyopaswa kuvitunza kama mboni ya jicho.

Kichwa cha joto kina ugonjwa wake wa pekee. Wino unaounguzwa mara mamilioni huacha gome gumu juu ya kipashio, na gome hilo huzuia joto. Wahandisi wa Japani waliliita kwa neno linalotokana na lile la kuungua, ambalo katika lugha yao hutumika pia kwa wali ulioshika chini ya sufuria. Sisi hatuna haja ya kuazima neno hilo, maana tunalo letu tangu zamani: ni ukoko.

Kwa nini wino hukauka

Sehemu kubwa ya wino huu ni maji. Humo mna pia gliserini au vimiminiko vya jamii yake ambavyo havikauki upesi, sabuni kidogo ya kupunguza mkazo wa uso, dawa ya kuzuia ukungu, na rangi yenyewe. Rangi ni za namna mbili. Kuna rangi iliyoyeyuka, ambayo molekuli zake zimetawanyika katika maji kama chumvi. Hii ikikauka, huyeyuka tena ikipata maji. Na kuna rangi ya chembe, ambayo haijayeyuka bali inaelea, kila chembe ikiwa na kipenyo cha takriban sehemu ya kumi ya mikrometa na ikiwa imevikwa gamba la polima. Chembe hizo zikikauka hushikamana, na kuzitenganisha tena ni kazi ngumu. Picha za rangi ya chembe hustahimili jua na maji vizuri zaidi, lakini hudai uangalifu mkubwa zaidi wa kichwa.

Maji yakivukizwa kutoka mdomo wa tundu, gliserini hubaki. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mnato wa gliserini tupu ni zaidi ya mara elfu moja ya ule wa maji. Kwa hiyo wino wa mlangoni hugeuka kuwa kama asali, kisha kama gundi, na kichwa hakina nguvu ya kuusukuma. Badiliko hili laweza kuanza baada ya sekunde chache tu. Ndiyo maana printa, hata katikati ya kazi, hukimbiza kichwa pembeni mara kwa mara na kutema matone machache: inasafisha koo.

Kasi ya mvukizo hutegemea hewa. Katika nyuzi 30 za Selsiasi, hewa iliyoshiba mvuke ina kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 4.2. Tukichukulia wino kama maji, chumba cha pwani chenye unyevu wa asilimia 80 kina upungufu wa kilopaskali 0.8 tu, chumba cha bara katika kiangazi, chenye unyevu wa asilimia 30, kina upungufu wa karibu kilopaskali 3. Msukumo wa kukausha ni zaidi ya mara tatu. Printa iliyovumilia wiki tatu Tanga haitakuwa na uvumilivu huohuo Dodoma mwezi wa Oktoba, wala katika chumba chenye kiyoyozi popote pale, kwa kuwa kiyoyozi hupunguza unyevu wa hewa.

Ili kuzuia hayo, kichwa kinapopumzika huegeshwa pembeni juu ya kifuniko cha mpira chenye sponji yenye unyevu. Chini ya kifuniko kuna pampu ya kufyonza, na kando yake kuna kifutio cha mpira cha kupangusa bamba la matundu. Afya ya kichwa hutegemea vitu hivi vitatu kuliko watu wanavyodhani. Na hapa pana kosa moja linalotendeka kila siku: kuizima printa kwa swichi ya ukutani. Mashine ikikatiwa umeme kabla ya kuegesha, kichwa hubaki wazi usiku kucha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, matokeo ni hayohayo. Anayeona hivyo na airudishe printa kazini mara umeme unaporudi, ili kichwa kijiegeshe, kisha aizime kwa kitufe chake chenyewe.

Kuisoma chapa ya majaribio

Kila printa ya namna hii ina amri ya kuchapa mistari ya majaribio, ambamo kila tundu huchora kijistari chake. Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha daktari, na ni lazima ichapwe kabla ya tiba yoyote. Isomwe hivi:

1. Mistari yote ikiwa kamili, lakini picha ina mapande au rangi mbaya, kichwa hakina kosa. Tafuta sababu katika aina ya karatasi iliyochaguliwa, katika mpangilio wa kichwa, au katika magurudumu ya kuvuta karatasi.

2. Vijistari vikikosekana mahali palepale kila unapochapa, matundu hayo yana wino mkavu.

3. Vijistari vikikosekana hapa, kisha vikirudi na vingine vikapotea kwingine, shaka ya kwanza ni hewa. Kiputo cha hewa ndani ya chumba cha wino hubonyea badala ya tone kusukumwa, kwa kuwa hewa hubanika na wino haubaniki.

4. Chapa ikianza kamili na kuisha taratibu kadiri picha inavyosonga, wino haufiki. Tazama kama tangi linaelekea kuisha, kama tundu lake la kuingizia hewa limefungwa, au kama mrija umekunjwa.

5. Rangi moja ikikosekana yote kwa ghafla, katriji imekwisha au haikukaa sawa, au njia ya wino imekatika. Na iwapo vyote hivyo ni vizima, huenda hitilafu ni ya umeme.

6. Rangi zikichanganyikana kwenye mistari, kifutio au kifuniko ni kichafu na kinapaka wino wa rangi moja juu ya matundu ya nyingine.

Picha yenyewe nayo hutoa dalili. Majenta ikikosekana, nyuso huelekea kijani. Samawati ikikosekana, huelekea wekundu. Njano ikikosekana, huelekea zambarau. Hii ni kanuni ya kawaida ya kuchanganya rangi.

Kuzibua hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kutumia amri ya kusafisha iliyomo katika mashine, mara moja, kisha kuchapa tena mistari na kulinganisha. Kama kuna nafuu, rudia mara moja zaidi. Kama hakuna, acha. Watu wengi hukosea hapa kwa kubonyeza amri hiyo mara kumi mfululizo. Kila usafishaji hufyonza wino mzuri na kuutupa katika sponji ya taka iliyo chini ya mashine. Sponji hiyo ikijaa, printa nyingi hukataa kabisa kufanya kazi. Isitoshe, ufyonzaji mwingi waweza kuingiza hewa mahali ambapo hapakuwa na hewa.

Hatua ya pili ni kungoja. Iache printa imeegesha kichwa kwa saa kadhaa, au usiku mzima. Wino mbichi ulio nyuma ya kizibo hupenyeza polepole na kukilainisha, na viputo vidogo vya hewa huyeyuka katika wino. Asubuhi, safisha mara moja na uchape. Kungoja huku hakugharimu senti moja, na mara nyingi ndiko kunakotibu.

Hatua ya tatu ni kuchunguza kifuniko. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na usogeze kichwa kando kwa upole ikiwa mashine inaruhusu. Pangusa midomo ya kifuniko na kifutio kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji yaliyokenekwa. Kisha jaza kifuniko kwa maji hayo, rudisha kichwa, washa, na uamuru usafishaji mmoja. Maji yakitoweka, pampu na mrija wake ni vizima. Yakibaki, kasoro iko kwenye pampu, na kukisumbua kichwa hakutasaidia lolote.

Hatua ya nne ni kuloweka. Weka matone machache ya maji yaliyokenekwa, au dawa iliyotengenezwa kwa wino wa aina hiyo, juu ya sponji ya kifuniko, kisha egesha kichwa juu yake usiku kucha. Kwa katriji yenye kichwa chake, yatosha kusimamisha katriji juu ya karatasi laini iliyolowa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha kuipangusa kwa kuigandamiza, si kwa kuisugua.

Hatua ya tano, ambayo ni ya fundi mwenye mkono mwepesi, ni kupitisha dawa kwa bomba la sindano lililounganishwa na mrija laini kwenye njia ya kuingizia wino. Dawa isukumwe polepole sana. Kuta za vyumba vya piezo ni nyembamba mno, na nguvu ya dole gumba juu ya bomba dogo yaweza kuzipasua. Dawa ikipita sawasawa katika matundu yote na bado rangi hiyo haichapi, basi kizibo hakipo tena. Kilichokufa ni umeme wa kichwa, na hapo hukumu ya fundi itakuwa ya haki.

Dawa zinazoua

Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu, hasa katika maeneo yenye maji magumu. Maji yakikauka, chumvi hubaki katika tundu, na chumvi hiyo haiyeyuki kwa wino. Tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya namna hiyo huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, lakini hakikisha kwa macho yako kwamba chupa uliyopewa si ya tindikali ya betri. Katika maduka mengi hukaa rafu moja.

Siki na ndimu, ambazo huondoa kutu na magamba ya birika vizuri, ni adui wa wino wa chembe. Magamba ya polima yaliyovikwa chembe mara nyingi hubeba chaji hasi, na chaji hizo husukumana ili chembe zisigusane. Asidi huzima chaji hizo. Chembe hushikamana na kuganda. Spiriti nayo huweza kuharibu mtawanyiko wa chembe na kulegeza gundi za kichwa. Na ile sindano tuliyoitaja mwanzoni hukwaruza ngozi ya bamba inayokataa maji, hata matone yakaanza kwenda upande.

Kazi ya darasani

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya yote bila kuifungua printa. Tia matone ya ndimu katika glasi ya maziwa, na wanafunzi waone yanavyoganda: chembe za protini zimenyang'anywa chaji zilizozitenganisha, kama chembe za rangi katika wino. Kisha weka juu ya vipande vitatu vya kioo tone la maji yenye rangi, tone la maji yenye rangi na gliserini, na tone la gliserini tupu. Yachunguzwe kila siku kwa juma moja, na kila kikundi kiandike lipi limekauka, lipi limenata, na lipi linayeyuka likiongezwa maji. Seti moja ifunikwe kwa kikombe chenye pamba iliyolowa maji, nyingine iachwe wazi. Tofauti itakayoonekana baina ya seti hizo ndiyo kazi ya kile kifuniko cha mpira.

Baada ya hapo, wakabidhiwe printa ya shule. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja achape mistari ya majaribio pamoja na picha ndogo yenye rangi zote, aandike tarehe, na kuihifadhi karatasi katika jalada. Likizoni, mwalimu anayeishi karibu na shule apewe zamu hiyo. Matangi yasiachwe yakauke, wino wa chembe usichanganywe na wino ulioyeyuka, na mashine ifunikwe kwa kitambaa kuzuia vumbi. Siku kijistari cha kwanza kitakapokosekana, jalada litaonyesha kilipotea lini na mahali gani, na tiba itaanza kizibo kikiwa bado laini.